Sauti ya Marehemu ni Amana

Msiba wa leo mjini Isiolo huacha nyuma yake kitu ambacho misiba ya babu zetu haikukiacha, nacho ni simu ya marehemu. Matanga yakisha kuanuliwa, mikeka ikakunjwa, masufuria ya majirani yakarudishwa, na wageni waliokuja kutoka Garba Tulla, Merti, Meru na Nairobi wakashika njia zao, hubaki ndani ya nyumba chombo kidogo chenye sauti ya aliyeondoka, picha zake, maneno aliyowaandikia watu usiku wa manane, fedha zake kidogo, na aghalabu siri zake. Wala hakuna hata kabila moja kati ya haya yanayoishi pamoja hapa, Waborana na Wasomali, Wameru na Waturkana, Wasamburu na Wasakuye, ambalo wazee wake wamekwisha kupitisha hukumu juu ya chombo hicho. Kwa hiyo kila mfiwa huamua peke yake, tena huamua katika saa ambayo akili yake imezidiwa na simanzi kuliko saa zote za umri wake. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu huyo, na rai yangu, ambayo nitaieleza kwa mapana, ni kwamba alichokisema marehemu kihifadhiwe kama kilivyo, na asichokisema asisemeshwe, ijapokuwa siku hizi ziko mashine ziwezazo kumsemesha, na siku zijazo zitakuwako zitakazomsemesha vizuri zaidi.

Nianze na saa za mwanzo, kwa kuwa madhara mengi hutokea humo. Kabla maiti haijaoshwa, kundi la WhatsApp la msiba limekwisha kuundwa, na sura ya marehemu imekwisha kuwekwa juu yake. Sililaumu kundi hilo, maana ndilo linalowafikishia habari ndugu walioko Jeddah na Minneapolis kwa dakika moja, ndilo linalokusanya michango ya sanda, ya jeneza au ya basi, na ndilo linalowaelekeza watu maziarani. Lakini lina hatari mbili ambazo kila familia ingefaa izikinge mapema. Ya kwanza ni kwamba habari humfikia mama mzazi kupitia simu ya mtoto wa jirani kabla hajapatikana mtu wa kumkalisha, kumshika mkono na kumwambia kwa ulimi wa huruma; basi atakayeunda kundi na aulize kwanza kama mama ameambiwa, na kama mke na watoto wameambiwa. Ya pili, nayo ni nzito zaidi, ni picha za maiti. Tangu lami ilipopita hapa kwenda Marsabit na Moyale magari huenda mbio, na ajali ikitokea, au wezi wa mifugo wakivamia manyatta, mtu wa kwanza kufika hutoa simu akapiga picha, akaisambaza. Na picha ile ikisha kuingia katika jicho la mjane au la mtoto hukaa mbele ya picha nyingine zote, hata mfiwa akijaribu kuukumbuka uso wa baba yake akicheka hujiwa na uso ule wa barabarani. Usiipige. Ukiletewa, usiipeleke mbele, bali ifute, na umwambie aliyekuletea kwa upole kwamba marehemu ana mama. Ikiwa polisi au hospitali wanazihitaji picha hizo, familia imchague mtu mzima mmoja wa kuzipokea, na wengine wasizione. Hali kadhalika nambari ya kupokea michango itangazwe na mtu wa familia anayejulikana, na mwenye shaka amwendee uso kwa uso, maana sauti ya ndugu yako akilia na kuomba fedha sasa huweza kuigizwa na mtu asiyemjua.

Msiba ukitulia huja suala la simu yenyewe. Kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa kwa nia njema, ni kumpa kijana simu hiyo afute yote yaliyomo ili aitumie mtoto wa shule, kwa sababu nyumba ina haja na kila kitu kina thamani. Subirini. Simu iwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, iwe inatiwa chaji, wala asiipekue. Kazi yake ni kuilinda, na ufunguzi uje baadaye kwa shauri la familia. Lakini kusubiri nako kuna mpaka, na mpaka huo haukuwekwa nasi. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni, na nambari ile ikaja ikapewa mtu mwingine, ndipo siku moja binti aliyeizoea akaipiga kwa hamu tu ya kuisikia ikiita, akajibiwa na mgeni. Akaunti ya WhatsApp iliyokaa siku 120 bila kutumika kwa kawaida hufutwa, na kampuni ya Google tangu Desemba 2023 imejipa haki ya kufuta akaunti ambayo haikufunguliwa kwa miaka 2, pamoja na picha na barua zilizomo. Kwa hiyo kabla miezi mitatu haijapita, mtu mwenye ujuzi anakili zile jumbe za sauti na picha, aziweke mahali pawili mbalimbali, kwa mfano katika kadi ya kumbukumbu na katika kompyuta ya ndugu aliye mji mwingine, asizikate wala kuzisafisha mlio, na kwa kila moja aandike katika daftari la kawaida nani alisema, alimwambia nani, lini, wapi, na kwa lugha gani. Daftari hilo ndilo litakalozipa maana miaka 30 ijayo, wakati mjukuu atakaposikia mtu akicheka kisha akakohoa asijue ni babu yake akikataa chai.

Kuhusu fedha zilizo ndani ya simu nitasema kwa ufupi. Mtu anayeijua nambari ya siri asizitoe, hata kwa gharama za maziko, pasipo warithi kujua, kwa kuwa ni sehemu ya mirathi, na mirathi ina utaratibu wake: maziko, madeni, wasia usiozidi thuluthi kwa Waislamu, kisha mafungu ya warithi. Chukueni cheti cha kifo na hati nyingine watakazotaka mwende kwa kampuni ya simu. Na penye ugomvi, Mahakama ya Kadhi iko Isiolo kwa Waislamu, na mahakama za kawaida ziko kwa wengine. Mkumbuke pia kwamba marehemu huenda ana mikopo ya simu, na deni ni deni hata likiwa dogo.

Sasa niingie katika kiini cha jambo, yaani kumbukumbu yenyewe, maana mfiwa hudhani kwamba simu ikipotea kumbukumbu zimepotea, na simu ikiwapo kumbukumbu zi salama, na dhana zote mbili si sahihi. Akili ya binadamu haihifadhi mambo kama sanduku lihifadhivyo nguo. Frederic Bartlett, mwanachuoni wa Cambridge, alionyesha katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 kwamba mtu akisomeshwa kisa cha ugenini kisha akatakiwa akirudie mara kwa mara, hukipunguza, hukinyoosha, na kukitia mambo ya kwao pasipo kujua. Na mwaka 2002 Kimberley Wade na wenziwe walichukua picha za utotoni za watu 20, wakaziunga kwa ufundi na picha ya puto kubwa liendalo angani kwa hewa ya moto, safari ambayo hakuna mmoja wao aliyepata kuifanya. Baada ya kuhojiwa mara tatu, nusu yao walikuwa wakiikumbuka safari ile, ama yote ama sehemu yake. Hao hawakuwa waongo, wala hawakuwa wafiwa. Walikuwa watu wa kawaida walioonyeshwa picha moja ya uongo, na nyoyo zao zikaifanya kazi iliyobaki. Akina mama wa Isiolo wanaopeleka maziwa ya ngamia Eastleigh hufukiza vyombo vyao moshi ili maziwa yasiharibike, na mnywaji hunywa maziwa pamoja na moshi. Kumbukumbu nayo hupokea ladha ya chombo kinachoihifadhi, nasi tunapoihamisha kutoka ulimi wa bibi kuitia katika kioo cha simu hatuna budi kujua tumeiongezea nini.

Kutokana na hayo nawashauri wafiwa jambo ambalo huonekana dogo. Kabla hamjakaa pamoja kuzitazama picha na video za marehemu, kila mmoja wenu, peke yake, aandike au ajirekodi akieleza anavyomkumbuka: alivyokuwa akiita jina lake, alivyokuwa akikasirika, kilichotokea siku ya mwisho waliyoonana. Fanyeni hivyo katika wiki za mwanzo, kwa maana mkikaa pamoja kwanza, kisa cha msemaji hodari kati yenu kitakuwa kisa cha wote. Baadaye mkikuta kwamba mmoja amesema baba alikufa akiwa na furaha na mwingine amesema alikufa akiwa na hofu, msilazimishane kupatana. Wekeni yote mawili. Na picha ya kitambulisho, ambayo kwa wazee wetu wengi ndiyo pekee waliyoacha, mkiipeleka kwa mwenye studio aikuze, naye akaondoa makunyanzi, akaitia rangi na kuivika koti ambalo mzee hakupata kulivaa, itundikeni ukutani mkipenda, lakini ile ya asili itunzwe pamoja nayo, na nyuma ya mpya yaandikwe yaliyobadilishwa. Tangu 2021 iko programu inayoichukua picha kama hiyo ikaifanya ipepese macho, igeuke na kutabasamu. Mtoto aliyezaliwa baada ya babu kufa, akionyeshwa hiyo kwanza, atakua akijua kwamba babu alikuwa mtu wa tabasamu lile, na hakuna atakayeweza kulitoa tena.

Simu nazo zina tabia ya kuwatolea watu picha za zamani pasipo kuombwa, asubuhi mtu anakwenda kazini akakutana na mkewe aliyezikwa mwezi uliopita. Katika Google Photos na katika Facebook mnaweza kuzima au kuficha sura ya mtu fulani na tarehe fulani zisirudi zenyewe, na kufanya hivyo si kumsahau aliyekufa. Facebook vilevile huweza kuufanya ukurasa wa marehemu kuwa wa kumbukumbu, ili watu wasikumbushwe kumtakia heri ya kuzaliwa. Na tujue kwamba wapo majirani zetu, Wasamburu miongoni mwao, ambao kwa desturi hawalitamki kwa wepesi jina la aliyekufa, hivyo kulirusha jina hilo kila mwaka katika makundi ya watu ni kuwaudhi katika jambo wanalolitukuza.

Ndipo tufike kwenye mashine zinazosema. Novemba 2015 kijana mmoja, Roman Mazurenko, aligongwa na gari mjini Moscow akafa, na rafiki yake Eugenia Kuyda, aliyekuwa na kampuni ya programu San Francisco, akakusanya jumbe walizokuwa wakiandikiana, akawaomba marafiki wengine waongeze zao, na mwaka uliofuata akatoa programu iliyowajibu watu kwa namna ya maandishi ya marehemu. Februari 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilionyesha mama aliyevishwa miwani ya kompyuta akakutanishwa na sura iliyoumbwa ya binti yake aliyekufa kwa maradhi akiwa na miaka 7, mama akanyoosha mikono kuishika hewa huku akilia. Tangu hapo gharama imeshuka sana, hata huko China ziko kampuni ambazo kwa picha chache na kipande kifupi cha sauti humtengenezea mfiwa mzazi asemaye ndani ya simu. Huduma ya namna hii haingoji kujengewa barabara. Kijana wa mtaa wetu wa Bulla Pesa mwenye simu ya kawaida anaweza kuifikia leo, na wala hatakuwa na nia mbaya, atakuwa na hamu tu ya mamaye.

Yafaa mfiwa aelewe mashine hiyo inavyofanya kazi kabla ya kuipa chochote. Haimkumbuki marehemu. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno ya watu wasiojulikana, ikajua neno gani huelekea kufuata neno gani, kisha ikapewa jumbe za marehemu ili ichukue namna yake ya kusema. Ukiiuliza jambo ambalo marehemu hakulisema popote, haitanyamaza, bali itatunga jibu linalofanana na majibu yake, na moyo wenye kiu utalipokea kuwa lake. Ukiiuliza, “Mama, umenisamehe?” itakusamehe, kwa kuwa hilo ndilo neno linaloelekea kufuata swali kama hilo, nawe utaondoka na msamaha ambao hakuna aliyeutoa. Kuna na jambo la lugha. Mashine ya namna hii, yaani akili mnemba, imelishwa Kiingereza kwa wingi, Kiswahili kwa kiasi, na Kiborana, Kisamburu au Kiturkana kwa uchache mno, hivyo mama wa Kinna aliyeishi umri wake wote akisema Kiborana, akiapa kwa Kiborana na kubembeleza wajukuu kwa Kiborana, atarudishwa kwa wanawe akisema Kiingereza cha ufasaha au Kiswahili cha vitabuni. Sioni ni faraja gani iliyomo katika kurudishiwa mama asiyeijua lugha ya mama.

Sikatai kwamba wako watu waliotulizwa na vitu hivi, na sitamhukumu aliyevitafuta katika usiku mgumu. Nasema hivi: visitumiwe katika miezi ya mwanzo, wakati moyo hauwezi kupambanua, mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 asiletewe mumewe ndani ya kioo, mtoto mdogo asionyeshwe kabisa, kwa sababu kwake mzazi anayejibu ni mzazi aliye hai, na siku huduma hiyo itakapokatwa kwa kukosa malipo atafiwa mara ya pili, neno lolote litokalo humo lisiletwe mbele ya wazee, mahakama au warithi kama kauli ya marehemu, na kabla ya yote, marehemu awe aliridhia alipokuwa hai. Kama hakuulizwa, jibu ni hapana. Idhini ya kaka mkubwa haitoshi, wala ya mwenye kuijua nambari ya siri ya simu.

Jambo hili la ridhaa ndilo linalonifanya niwahimize walio hai kuliko ninavyowazuia wafiwa. Mwana Kupona binti Msham, mama wa Pate, alipokuwa mgonjwa yapata mwaka 1858 alimtungia binti yake Mwana Hashima wasia wa shairi, akachagua mwenyewe atakalosema na atakalolinyamazia, nao umedumu mpaka leo na watu wanausoma, wengine wakiukubali na wengine wakibishana nao, lakini hakuna anayeuliza kama maneno ni yake. Mzee wako anaweza kufanya hivyo kwa simu uliyo nayo mkononi. Mwombe alasiri moja, akiwa na nguvu, awaambie wajukuu atakalo. Mwulize pia, pasipo kumtisha, anataka simu yake ifunguliwe na nani, nini kifutwe, na kama anaridhia sura yake ichezeshwe na mashine baada yake. Kampuni za Google na Apple, na Facebook vilevile, zina njia ya mtu kumtaja mapema atakayepewa mambo yake akifa, na kuijaza ni kazi ya dakika chache. Lakini hata asiye na akaunti yoyote ana ulimi, na ushahidi wa watu wawili waliomsikia akisema unatosha nyumbani.

Hapa Isiolo tuna sababu nyingine ya kulitilia maanani jambo hili, na ndiyo iliyonisukuma kuandika kuliko zote. Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapa, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dida upande wa Modogashe; Desemba ya mwaka huo nchi ikapata uhuru, na kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ikatangazwa katika sehemu za kaskazini. Ikafuata miaka ya vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi wa kaskazini, ambayo Waborana wa hapa huiita Gaafa Daba, watu wakakusanywa katika kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe, mifugo iliyokuwa mali yao yote ikafa au ikauawa, na wengi wakazikwa pasipo matanga, kwa kuwa hapakuwa na ruhusa ya kutoka wala nguvu ya kukusanyika. Mapatano ya Arusha ya kuvimaliza vita hivyo yalifikiwa Oktoba 1967. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kinga, iliyowazuia watu wa sehemu hizo, Isiolo ikiwamo, kudai mahakamani kwa yale yaliyotendwa na maofisa wa serikali kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Na ijapokuwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyasikiliza mengi na kutoa ripoti yake Mei 2013, majonzi ya kambini kwa sehemu kubwa yanaishi mahali pamoja tu, vinywani mwa wazee. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1966 sasa amefika miaka 70.

Nachelea hili. Mjukuu mwenye mapenzi ataichukua picha ya kitambulisho cha babu yake aliyekwisha kufa, ataiambia mashine imfanye babu asimulie kambi ya Merti, na mashine itasimulia kwa ufasaha mkubwa, ikitia milio ya risasi, idadi za ngamia na majina ya maofisa, mengine kweli na mengine yametungwa kwa kuwa yalielekea kufaa. Video itasambaa siku moja tu. Mwaka utakaofuata wazee wenyewe, walioitazama mara kwa mara, watasimulia kama video, kwa sababu ile niliyoieleza juu, wala si kwa uongo. Na siku itakapokuja, kama tunavyoomba, ambapo mahakama au tume itataka ushahidi, mtu asiyetutakia heri atainua video ile moja na kusema kwamba yote ni ya kutungwa. Watu ambao sheria iliwafunga mlango kwa zaidi ya miaka 50 hawawezi kumudu kuupoteza ushahidi wao kwa ajili ya dakika mbili za kuliwazwa.

Kwa hiyo rekodini wazee sasa, kwa lugha yao, na kwa adabu ya ushahidi. Mwanzoni mwa kila rekodi itajwe tarehe, mahali, jina la msemaji na la wanaomsikiliza. Msimtie maneno kinywani kwa kuuliza, “Walikupigeni, sivyo?” bali mwulizeni alichokiona, kisha mngoje, akinyamaza, na kimya kirekodiwe. Mzee asiyezihesabu nyakati kwa miaka ya kalenda mwulizeni ilikuwa gadaa ya nani, yaani zamu ya kiongozi gani, kwa sababu kila Abba Gada wa Waborana hushika miaka 8, na anayekuambia ilikuwa wakati wa Jaldessa Liban amekuweka kati ya 1960 na 1968. Tafsiri iandikwe mbali, isipachikwe juu ya sauti. Wanawake waliodhulumiwa kambini wasikilizwe na wanawake, na wao ndio waamue nani atasikia na lini, hata kama ni baada ya kufa kwao. Nakala moja ibaki kwa familia na nyingine ipelekwe mahali panapohifadhi kumbukumbu kwa kudumu, iwe maktaba au chuo, kwa karatasi yenye masharti ya msemaji.

Nirudi kwa mfiwa wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa maradhi ulioanza kutumika Januari 2022, limeitambua huzuni iliyorefuka kuwa ni ugonjwa, ikiwa imedumu kwa zaidi ya miezi 6, imepita kwa dhahiri kiasi cha desturi na dini ya watu wake, na imemzuia mtu kuishi. Basi mkimwona ndugu yenu, nusu mwaka baada ya maziko, bado analala na simu ya marehemu sikioni akirudia ujumbe uleule, haendi sokoni, hapiki, hajali watoto, msimnyang'anye simu na msimwambie amekosa imani. Kaeni naye, msikilize ujumbe huo pamoja, ombeni dua pamoja, kisha mpelekeni hospitali ya rufaa ya kaunti akaonane na mtu wa afya ya akili, na mmoja wenu amngoje mlangoni.

Na iwapo jambo limekwisha kufanyika, mtu wa nyumba yenu amekwisha kumtengeneza marehemu anayesema, mwiteni pasipo ukali, mwulizeni alikuwa akitafuta nini, kwani huenda yeye ndiye aliyekuwa mbali siku ya kifo na hakuagwa. Mpeni nafasi ya kukifunga kitu hicho mwenyewe, siku anayoichagua, ndugu wakiwa karibu. Akishakifunga, mwandikieni mwenye huduma afute sauti na jumbe alizopewa, hasa za walio hai, maana katika mazungumzo ya marehemu mna maneno ya watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zifutwe, na asiposikilizwa aweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Faili za asili zibaki kwa yule mliyemwekea amana. Ikiwa video imekwisha kusambaa, tumeni katika makundi yaleyale ujumbe mfupi wa kueleza imetengenezwa na nani na lini, na kwamba maneno yaliyomo mzee hakuyasema.